Sekunde Tano Ziko Wapi? Tunahesabu Kutoka Tisa

Tuseme mzunguko wako wa motokrosi pale Jamhuri Park, Nairobi, ni dakika mbili na sekunde tano. Jirani yako mwenye pikipiki kama yako, cc zilezile, tairi zilezile, amepiga dakika mbili kamili, na sasa anakunywa soda huku anakuangalia. Kabla hujamwita fundi afungue injini, vuta kiti. Sekunde zako hazijaibiwa. Twende tukazitafute, kuanzia penye senti hadi penye noti.

9. Egzosi mpya
Najua ndiko ulikoanzia! Inalia vizuri, hata mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Jirani yako anavuta hewa hiyohiyo. Kama pikipiki yako ni ya kabureta, weka jeti kuu iliyo ndogo zaidi ili mafuta yalingane na hewa, kisha iache injini ifanye kazi yake.

8. Upepo
Tairi za motokrosi hujazwa psi 12 hadi 14 hivi. Ukijaza kama za bodaboda, tairi inadunda juu ya jiwe badala ya kulikumbatia. Ukilegeza mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, na hapo safari imeisha. Kipimo cha kituo cha mafuta kimezoea malori, kwa hiyo nunua chako kidogo cha shinikizo la chini. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, maana jua la saa saba litaongeza upepo bila kukuuliza.

7. Vishikio vya klachi na breki
Kidole kimoja, ndugu yangu. Vinne ni vya kubeba ndoo! Sogeza kishikio kiwe karibu na usukani, kiinamishe kidogo, ili ukisimama mkono wako unyooke kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Spana namba 8, dakika tano, umemaliza.

6. Mbonyeo wa nyuma
Hapa tukae, kwa sababu wengi hupita mbio. Mbonyeo ni kiasi ambacho pikipiki inazama ukiikalia. Ipandishe kwenye stendi, tairi ya nyuma ining'inie, kisha upime wima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyochora kwenye madigadi. Shusha. Panda umevaa kila kitu: helmeti, mabuti, na maji ya mgongoni kama unayabeba. Rafiki mmoja akushikilie, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, kwa pikipiki kubwa nyingi, iwe kati ya milimita 100 na 105. Hiyo ni karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu la nyuma.

Ikizama zaidi, nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, na kila kona gurudumu la mbele linakimbilia nje. Ikizama kidogo mno, inakata kona vizuri lakini kwenye mnyooko inatikisa kichwa. Unarekebisha kwa kuzungusha nati kubwa iliyo juu ya springi.

Sasa jambo linalowababaisha hata mafundi. Ukishapata zile 100, shuka upime pikipiki ikisimama peke yake. Inapaswa kuzama milimita 30 hadi 40. Je, imezama 15 tu? Utadhani springi ni ngumu. La! Ni laini mno kwako. Umeikaza sana hadi haipumui. Tafuta springi ngumu zaidi. Na kama chapati za nyumbani zimekuongezea kilo sita tangu msimu uliopita, pima upya bila aibu. Springi inataka uzito wa leo.

5. Skurubu za shokapu
Funga taratibu hadi mwisho ukihesabu mibofyo, andika nambari, kisha urudi pale ulipokuwa. Badilisha kitu kimoja tu, mibofyo miwili, uende mizunguko mitatu. Anayegeuza skurubu nne kwa pamoja anapika pilau gizani: chumvi imezidi, na hajui aliitia saa ngapi. Daftari la shilingi hamsini lina thamani kuliko shokapu ya dhahabu.

4. Sproketi
Jino moja la mbele ni sawa na karibu manne ya nyuma. Kwa hiyo cheza na ya nyuma, jino mojamoja. Kama kona nyingi zinakuacha kati ya gia ya pili na ya tatu, ongeza jino nyuma uibakize ya tatu. Tuendelee.

3. Magoti
Mikono inakakamaa baada ya mizunguko minne? Ni kwa sababu umeufanya usukani kuwa mti wa kuning'inia. Bana pikipiki kwa magoti, kanyaga vikanyagio kwa sehemu ya mbele ya wayo, viwiko juu. Mbelgiji Stefan Everts, bingwa wa dunia mara kumi, alisimama sehemu ambazo wenzake walikaa, na miguu yake ikabeba matuta yote. Jifunze kuchuchumaa nyumbani. Majirani watazoea!

2. Macho
Mfereji unaouangalia ndio utakaouingia. Ukiwa ndani ya kona, macho yawe mlangoni pake pa kutokea. Ukifika mlangoni, yawe kwenye kilima kinachofuata. Tairi ya mbele inajua njia, usiikodolee.

1. Ule muda wa kuelea
Hapa ndipo noti zilipo. Msikilize jirani yako akikaribia kona: injini inanguruma, inakata, breki imeshika, na punde inanguruma tena. Sasa wewe: unafunga mafuta, unaelea… unaelea… ndipo unagusa breki. Ndani ya kona unaelea tena ukisubiri moyo utulie. Muda wote huo hupigi mafuta wala breki. Umekuwa abiria, na nauli ni nusu sekunde kila kona. Kona kumi, sekunde tano. Katika mbio za kimataifa za dakika 30 na mizunguko miwili, kama mizunguko 17 hivi, hizo ni sekunde 85. Jirani atakuwa ameshaoga!

Tiba yake haihitaji duka. Chagua kona moja. Weka alama pembeni ya njia, nje ya mkondo wa tairi, pale unapofunga mafuta leo. Shika breki zote mbili papo hapo pikipiki ikiwa wima, ya mbele ikibeba mzigo mkubwa, kisha achia na kuinamisha. Utagundua umesimama mapema mno, na kona bado iko mbele. Safi. Sogeza alama mita moja kuelekea kona. Ukitoka vibaya, irudishe. Mwenzako apime kona hiyo tu, si mzunguko mzima.

Jumamosi anza na kona moja tu, inayofuata mnyooko. Nyingine tisa zitasubiri, na soda ya jirani itakuwa bado ya baridi.