Mwongozo kwa Msimamizi wa Seva Apendaye Ukimya

Ewe msimamizi unayependa skrini safi kuliko ukweli, mwongozo huu ni wako. Umeona kwenye logi taarifa ya hitilafu ya prosesa, ukaudhika, ukatafuta dawa ya kuinyamazisha, ukaipata: mce=off kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Logi ikatulia, nawe ukaenda kulala. Prosesa bado inaumwa.

Kabla ya hatua zenyewe, jua biti moja inaweza nini. Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alihesabiwa kura 4,096 za ziada na kompyuta. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani biti moja iliyogeuka. Programu ilikaguliwa, kosa halikuonekana. Wataalamu wakaona maelezo ya karibu ni biti iliyojigeuza yenyewe kwenye kumbukumbu. Kosa liligundulika kwa sababu tu kura hizo zilizidi kiasi kilichowezekana.

Hatua ya 1: Ifute mce=off. Tangu Pentium ya 1993, prosesa za Intel huweza kukatiza kazi na kuuambia mfumo endeshi kwamba kuna kilichoharibika ndani. Kerneli ya Linux husoma rejista na kueleza ni hitilafu gani na imetokea wapi. Ukizima upokeaji huo kwa mce=off, hitilafu nzito haitaondoka: prosesa hujifungia, na kwa kawaida mashine huwaka upya bila kuacha maelezo. Kisha utailaumu TANESCO au Kenya Power, kumbe umeme haukuwa na kosa.

Hatua ya 2: Heshimu makosa madogo. RAM yenye ECC husahihisha biti moja iliyoharibika na kugundua zikiwa mbili. Zilizosahihishwa haziangushi mashine, ndiyo maana wavivu huzidharau. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata hitilafu ndani ya mwaka, na kwamba kipande kilichokosea jana kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo usitumie mce=ignore_ce wala mce=dont_log_ce ili kupendezesha logi. Na check_interval iache ilivyo: kwa kawaida kerneli hukagua rejista kila sekunde 300, na ikikuta makosa huongeza kasi yenyewe. Ukiandika 0, umeufuta ukaguzi huo.

Hatua ya 3: Weka anayesikiliza. Taarifa isiyosomwa na mtu haimsaidii mtu. Sakinisha programu ya rasdaemon, iwashe pamoja na mfumo, na iache itunze taarifa hizo kwenye hifadhidata. Andika pia majina ya nafasi za RAM kwenye ubao mama, ili siku ya kubadilisha ung'oe kipande kibovu, si jirani yake asiye na hatia. Makosa yakirudi mahali palepale, agiza kipuri wiki hiyohiyo.

Hatua ya 4: Usimfiche mgeni. Kwenye KVM, ambako mashine pepe ni mgeni na seva inayoibeba ni mwenyeji, ukurasa wa kumbukumbu unaotumiwa na mashine pepe ukiharibika bila kusahihishika, kerneli ya mwenyeji huipelekea QEMU, programu inayoendesha mashine hiyo, ishara ya SIGBUS. QEMU hutafuta anwani inayolingana upande wa mgeni, kisha humpelekea hitilafu hiyo kana kwamba imetoka kwenye prosesa yake. Mgeni aliyesanidiwa vizuri anaweza kuua programu moja iliyoguswa na kuendelea na kazi. Mgeni uliyemwekea mce=off huanguka mzima, pamoja na hifadhidata ya wateja wako. Makosa yaliyosahihishwa, kwa upande mwingine, hubaki kwa mwenyeji. Mgeni hawezi kuyaona hata akikesha. Basi mwenyeji ndiye mwenye wajibu wa kuyahesabu, na yakizidi awahamishe wageni wake hadi seva nyingine kabla ya ajali.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya msiba. Mipangilio isiyojaribiwa ni matumaini tu. Konsoli ya QEMU ina amri ya mce inayoingiza hitilafu ya bandia kwa mgeni. Kwenye Linux kuna pia zana ya mce-inject. Fanya hivyo kwenye seva ya majaribio, uone kama taarifa inakufikia kweli. Seva ya mishahara iache salama.

Hatua ya 6: Usijione umemaliza. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha kiini namba 59 cha prosesa moja: kilipoulizwa sehemu nzima ya 1.1 kwa kipeo cha 53, kilijibu 0 badala ya 156. Hakikutoa tahadhari yoyote. Kwa data muhimu, weka hesabu za uhakiki ndani ya programu zenyewe, na pima prosesa zako mara kwa mara.

Nyuma ya kila seva kuna mshahara wa mtu, majibu ya maabara ya mgonjwa, au matokeo ya mtihani wa mtoto. Hao hawawezi kusoma logi zako. Wewe unaweza, na ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Leo, kabla ya kutoka ofisini, fungua vigezo vya kuwashia kerneli, tafuta mce=off, na uifute.