Miche Hii Bei Gani?

Basi la kutoka Dar kwenda Lushoto husimama kwa sababu zinazoeleweka: abiria washuke, abiria wale, abiria wachimbe dawa. Gari la mume na mke lina sababu zake nyingine, na kila mmoja huona za mwenzake ni upuuzi.

Mume wangu ana ugonjwa wa redio mbovu. Anazitaka zile kubwa za mbao, za enzi za RTD, na kadiri isivyolia ndivyo anavyoipenda. Chalinze tulisimama kwa fundi redio. Segera, pale njia ya Tanga inapoachana na ya Moshi, tukasimama tena. Korogwe alipotelea kibandani mpaka nikayamaliza machungwa niliyowanunulia wenyeji wetu. Akarudi amekumbatia redio isiyo na mgongo wala antena, akaikalisha kiti cha nyuma, akaifunga mkanda. Mimi wangu huwa najifunga mwenyewe.

Ugonjwa wangu ni miche, nao una heshima zake. Usambara ndiko nyumbani kwa ua moja dogo la zambarau, majani yake yana vinyoya. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilituma kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya. Nikadhani Lushoto nitalikuta limepangwa kama mchicha. Muuza miche alinisikiliza mpaka mwisho, akanionea huruma, akaniuzia parachichi. Na peasi. Na kitu kingine ambacho hata yeye hakuwa na hakika nacho.

Irente tulisimama ukingoni, Mazinde iko chini kule, nyumba zake kama punje za mtama. Mume wangu akavuta pumzi, akasema hapa lazima redio inashika vizuri.

Pancha ilitupata tukiteremka kuelekea Mombo, karibu na Soni, kwenye zile kona ambazo hata mbuzi huzipita kwa adabu. Tairi la akiba lilikuwa chini kabisa ya buti, chini ya shamba langu. Tukashusha kila kitu na kukipanga kando ya barabara, redio juu ya jiwe. Mume wangu akajilaza chini na jeki.

Bodaboda ikasimama.

“Shikamoo mama. Miche hii bei gani?”

“Marahaba. Hatuuzi, mwanangu.”

Akautazama mstari wa miche, akanitazama mimi.

“Basi punguza kidogo.”

Kabla sijajibu, sauti ikatoka chini ya gari: “Parachichi elfu tano!”

Nilikuwa nimeinunua elfu tatu. Tairi lilipokazwa, parachichi mbili zilikuwa zimeshapanda bodaboda, na baba watoto anahesabu noti kwa mikono yenye grisi, anasema tungekuja na miche zaidi.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na fimbo yake akasimama mbele ya jiwe, akainama, akaigonga redio kwa kidole.

“Na hii, mama?”

“Hiyo, baba,” nikamwambia, “bei maelewano.”