Sifa za Kikopo cha Choo

Wengine na wasifu achari ya ndimu. Mimi nasifu kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kile anachokabidhiwa mama anapokwenda kupima afya ili aruhusiwe kuwauzia watu vitumbua anavyopika nyumbani. Washairi wamekionea haya; hasara yao.

Kwanza, hakibagui. Tanzania, anayeshika chakula cha watu hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita, awe mpishi wa hoteli ya ufukweni au mama wa Manzese mwenye jiko la mkaa na chuma cha vitumbua. Ukitaka achari yako ifike dukani ikiwa na nembo ya TBS, shirika la viwango, utatafuta barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na sehemu ya kuzalishia isiyochangamana na vitanda vya watoto. Kikopo hakina makuu hayo. Kinadai kile ambacho hata maskini hakosi.

Halafu kinapatanisha. Asubuhi kwenye foleni kila mtu kakizungushia chake gazeti, anasoma mabango ya ukutani kama mgeni. Mara yule hasimu wako wa sambusa, aliyekunyang'anya wateja wa ofisi nzima, anakusogelea na kunong'ona: "Shoga, wewe imetoka?" Mabaraza mangapi ya usuluhishi yamewahi kufika hapo?

Na kina nasaba. Mary Mallon, mzaliwa wa Ireland, aliwapikia matajiri wa New York. Mwaka 1906, watu sita wa nyumba aliyopikia huko Oyster Bay walishikwa na homa ya matumbo. Mtaalamu wa usafi, George Soper, akamfuata jikoni kumwomba damu, mkojo na choo. Mary akamtimua kwa uma wa kukatia nyama. (Dada zetu wa foleni ni wastaarabu mno.) Alipokamatwa 1907, choo chake kilikutwa na vimelea, ilhali mwenyewe mzima kabisa. Soper alishuku aiskrimu yake ya mapichi mabichi, kwa kuwa moto huviua vimelea hivyo. Mary akatengwa kisiwani, akaachiwa 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. 1915 akakutwa jikoni kwenye hospitali ya wazazi, akarudishwa kisiwani mpaka alipofariki 1938.

Wapo wenye chuki watakaosema kwamba vimelea hivyo havitoki kila siku, hata majibu ya Mary yalikuwa leo vipo, kesho havipo. Kwa hiyo kikopo kimeona Jumatatu moja tu, wakati cheti kinaapa kwa miezi sita. Nami nauliza, tangu lini unabii ukawa kosa? Tena kuna kikopo kitakatifu zaidi, kile kinachobaki kikavu mezani huku cheti chenye mhuri kikimfuata mwenyewe nyumbani baada ya kushikana mikono vizuri na mhusika.

Kina upungufu mmoja tu: hakimfikii mteja. Mteja hapimwi. Anashuka kwenye bodaboda, anapokea chenji ya noti zilizolowa jasho, kisha anabonyezabonyeza maandazi ya sinia zima kutafuta lililo laini. Akishalipata, anamkazia macho mama wa watu: "Lakini wewe umepima?"