Barua ya Wazi kwa Walioiona Katumba Tupu

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa AgriSol Energy, Jimbo la Iowa, Marekani.

Baada ya salamu na taadhima zinazostahili cheo chenu, sisi wakazi wa Kasokola, wilayani Mpanda, twaleta shukrani zetu zilizochelewa kwa hisani mliyokusudia kututendea mwezi wa Agosti 2010, mlipotia sahihi waraka wa maelewano na Halmashauri ili mkabidhiwe Katumba, hekta 80,317, na Mishamo, hekta 219,800, mpate kulima kwa mashine na kutuokoa na njaa ambayo, wallahi, hatukuwa tumeisikia.

Twakiri kwamba macho yenu yana nuru kupita yetu, kwani mliona ardhi tupu pale ambapo sisi, kwa ujahili wetu, tulikuwa tukiona watu: waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa pori, wakalifyeka kwa mikono yao, wakazaa, wakazika, na mahindi na maharage yao yakawa yanatufikia hadi sokoni Mpanda. Serikali ikawakubalia uraia, wao na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, watu wapatao 162,000. Ila hati zenyewe wakaambiwa watazipata wakishahama, kana kwamba mtu aweza kuwa Mtanzania popote isipokuwa nyumbani kwake.

Ama ijara, hapo ukarimu wenu ulitushinda kabisa: shilingi 200 za kodi ya ardhi na 500 za Halmashauri, kwa hekta, kwa mwaka, kwa muda wa miaka 99. Tulipoigawa kwa ekari tukapata shilingi 280 na ushei, kiasi ambacho mkulima wa hapa, akienda kukodi shamba la jirani yake, hathubutu kukitaja asije akafunguliwa mbwa. Chuo Kikuu cha Iowa State, kilichokuwa mshauri wenu, kilijitoa mwaka 2012. Huenda nacho kilianza kuona watu.

Mwaka 2014 hati zikaanza kugawiwa, na wenyewe wakaachwa wakae. Basi ombi letu, kwenu na kwa wenzenu wa biashara hiyo, ni moja: mkituma tena wapimaji, waje mwezi wa Machi, mahindi yakiwa shambani, wapige hodi nyumba ya kwanza watakayoikuta, na wakiitikiwa karibu, waandike katika ripoti kwamba wameitikiwa.

Ni sisi, jirani za Katumba.