Kiuno Hakisikilizi Maneno

Remmy Ongala aliimba ufukara, akaimba yatima, akaimba ukimwi, akakiimba kifo chenyewe kwa jina lake, na katika yote hayo sijapata wimbo ambao mtu anaweza kuusikiliza akiwa ametulia kwenye kiti. Matatizo yangu yote yameanzia hapo. Maneno yanakuambia lia, gitaa linakuambia inuka, na kiuno tangu kiumbwe hakijawahi kusikiliza maneno. Nimekuwa mpenzi wa bendi yake, Super Matimila, tangu sijaota ndevu hadi leo ndevu zimebadilika rangi, na sidhani kama kuna mtu Mwanza hii aliyefumwa akitikisika mahali pasipostahili mara nyingi kuliko mimi.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Super Matimila, na hapo ndipo akawa Dokta Remmy. Wakati ule wanamuziki wa bendi kubwa walipanda jukwaani na sare, suruali zimepigwa pasi hadi zinakata. Remmy akaja na misokoto ya nywele, na jina alilojipa mwenyewe ni Sura Mbaya. Mwanamuziki gani mwingine alijinadi kwa ubaya wa sura? Mimi wakati huo nilikuwa na masikio yaliyonitangulia umri, na watoto wa Kirumba walikuwa hawanifichi. Niliposikia kuna mtu anaitwa Sura Mbaya na watu wanalipa kiingilio kwenda kumwona, nikajua nimepata bendi yangu.

Kumpata ilikuwa kazi. Redio huku bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na ikabaki moja hadi 1994 zilipoanza za watu binafsi. Bendi zilirekodi kwenye studio za redio hiyo hiyo. Ukiupenda wimbo, unakaa na redio kaseti, vidole viko juu ya vitufe viwili, unamwomba Mungu mtangazaji asiongee katikati. Mimi nilikuwa nimeomba kuhusu mtangazaji tu, sikuomba kuhusu mtaa. Siku niliyorekodi “Kifo,” solo limepanda, ridhim inalisindikiza, ndipo mama mmoja akapita chini ya dirisha letu na beseni kichwani akaita kwa sauti ya kupasua mawe: “Dagaaa wakavuuu!”

Akaingia kwenye kaseti, na hakutoka tena. Niliusikiliza wimbo ule hivyo kwa ujana wangu wote, dagaa wakiwa mahali pao, na kwa kusema kweli yule mama aliingia kwenye mdundo vizuri kuliko waitikiaji wengi wa kulipwa. Miaka ikapita, nikanunua nakala safi kwa muuza kanda mjini. Nikarudi siku hiyo hiyo kudai pesa yangu, maana wimbo ulikuwa umekatwa. Kijana wa watu akaupiga mwanzo hadi mwisho, akaniuliza kilichokatwa ni nini. Nikamwambia. Alinitazama muda mrefu, kisha akanirudishia pesa bila ubishi, kwa upole ule wanaopewa wagonjwa.

Mpaka leo, wimbo ukifika pale, mdomo wangu unafunguka wenyewe. Iliwahi kunitokea ndani ya daladala ya Igoma, dereva ameweka zilipendwa, abiria wamebanana kimya na joto lao. Nikapaza: “Dagaaa wakavuuu!” Mama aliyekaa mbele yangu akageuka bila mshangao wowote, akauliza, “Unauzaje kopo?”

Kaseti yenyewe iliishia majini, au karibu. Mimi ni fundi wa mashine za boti, na kazi inanipeleka visiwani. Nilikuwa nikienda Ukerewe, redio nimeipakata, ziwa likachafuka, na mawimbi ya Viktoria hayaulizi nani amebeba nini. Niliikuta kaseti imelowa hadi kwenye utepe. Nikaianika juu ya jiwe mwaloni, mahali pekee penye jua la kutosha, ambapo pia wenzangu walikuwa wameanika samaki. Ilikauka. Ikapiga. Sauti ya Remmy, ambayo tangu mwanzo ilikuwa nzito ya kukwaruza, ikashuka zaidi, ikawa ya mtu anayeimba akiwa ndani ya pipa. Hilo niliweza kulivumilia. Nilichoshindwa ni paka. Kila nilipowasha redio walikuja wawili watatu, wakakaa wakiitazama spika kwa heshima kubwa, na usiku mmoja kaseti ikaondoka na mmoja wao.

Babu yangu mzaa mama, mzee wa upande wa Bujora, hakuelewa kelele zote hizi. Yeye alikuwa mtu wa ngoma, Mgalu wa kutupwa. Usukumani mambo ya ushabiki wa bendi hayakungoja magitaa. Tangu karne ya kumi na tisa kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoachwa na waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno wanacheza wakikabiliana, kila upande na dawa zake za kuvuta watu, na hakuna jaji wala pointi. Watazamaji wakihamia kwa wenzako, umeshindwa, funga ngoma uende nyumbani. Nikampigia babu kanda ya Matimila. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

“Ng'wanawane, dawa anayo. Sasa anashindana na nani?”

Nikamjibu kwa fahari: “Na umaskini, babu.”

“Watu wamehamia upande gani?”

Sijawahi kupata jibu la swali hilo, na nimewauliza wasomi.

Mpwa wangu anayesoma Dar ndiye aliyekuja na nadharia. Alikuwa anasikiliza miziki ya Kiingereza ya kupiga kelele, magitaa yanagombana, mwimbaji anafoka. Siku moja akaniambia, “Mjomba, Remmy wako alikuwa panki.” Nikasimama. Mwanza hii, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yanabaki yanakaangwa kwa ajili yetu. Umwite Dokta Remmy hivyo, nyumbani kwangu, unakunywa chai yangu? Ikabidi anieleze haraka kwamba panki ni aina ya muziki: London, mwaka 1977, vijana wa Sex Pistols wanamwimba vibaya Malkia, BBC inakataa kuupiga wimbo wao, na wimbo unapanda hivyo hivyo hadi namba 2. Nywele za ajabu, sura za makusudi, upande wa wanyonge, redio inawafungia mlango. Nikakaa. Kijana alikuwa na hoja. Na ukifikiria zile safari za minofu na mifupa, hata maana yetu ya panki Remmy angeweza kuitungia wimbo, na watu wangeucheza.

Maana na Remmy naye alifungiwa mlango. Ukimwi ulipokuwa unamaliza watu na viongozi wanazunguka maneno, yeye alitoa “Mambo kwa Soksi,” akiwahimiza wanaume wavae kinga. Radio Tanzania haikuupiga. Kwa hiyo kila mtu akawa nao, kutoka kaseti hadi kaseti, na mimi wa kwanza.

Ndipo mama mkwe akavuka na kivuko cha Kamanga kuja kutusalimia. Nilikuwa uani na mashine ya mtu, redio iko juu, nimesahau. Akatoka na kikombe chake cha uji, akasimama kusikiliza, bega la kushoto limeanza kucheza bila ruhusa yake.

“Baba, huyu kaka anahimiza nini?”

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ananionya kwa macho.

“Soksi, mama,” nikasema. “Anahimiza watu wavae soksi.”

“Kwa nini?”

“Magonjwa, mama.”

Akaridhika kabisa. Safari iliyofuata alikuja na mfuko wa soksi za sufu alizofuma kwa mkono, jozi ya kila mtu ndani ya nyumba, na joto la Mwanza mnalijua. Akaniambia amelifikisha suala lile kwenye kikundi chao cha akina mama parokiani, wamelipokea vizuri, na mwenyekiti ameahidi kulisemea hata kwa vijana wanaojiandaa na ndoa. Nikamwambia hongera sana. Ningesema nini? Ujumbe wa Remmy ulifika parokia ambayo redio ya taifa isingeweza kuufikisha, na mimi nilivaa soksi zile kila alipokuja, nikitokwa na jasho hadi kwenye nyayo.

Mengine niyapitie mbio. Mwaka 1989 alirekodi albamu ya “Songs for the Poor Man” kwa mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, na Wazungu wakamcheza bila kuelewa neno hata moja. Kwa hoja yangu ya kiuno hao ndio mashahidi bora kuliko wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akapata kiharusi, akaokoka, akaanza kuimba injili. Wenzangu kijiweni walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mmoja, mpenzi wa bendi ya Sikinde, alifurahi waziwazi. Mimi sikuona tatizo. Mtu hahami nyumba kwa sababu baba mwenye nyumba amebadilisha mapazia. Nikaazima kanda ya injili, na kwa kuwa kaseti tupu zilikuwa ghali nikairekodi juu ya kaseti ya zamani, nikaifungulia sebuleni.

Jirani yetu, mlokole wa kweli, akasikia jina la Yesu likitoka kwangu kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu. Jioni akaja na timu ya maombi, akina mama na vijana wenye matari, wakaijaza sebule. Wakaomba niwape ule wimbo uliogusa moyo wangu. Nikauweka. Niseme ukweli, walicheza vizuri, mwanzoni kwa kiasi, baadaye kwa Roho. Ila injili niliyoazima ilikuwa fupi kuliko kaseti. Ilipoisha, utepe ukaendelea na kilichokuwepo chini, gitaa lile lile, sauti ile ile, na timu nzima ikaendelea kuruka na matari, macho yamefumbwa, mikono juu, Remmy akiwahimiza kuhusu soksi. Mke wangu alikimbilia jikoni. Nilimsikia akigonga masufuria ili kuficha kicheko. Jirani ndiye aliyefumbua macho kwanza, akaniuliza polepole kama huyu ni mtumishi yule yule. Nikamwambia ndiye, ila ni ushuhuda wa maisha yake ya zamani. Akasema, “Amina,” lakini matari hayakurudi tena nyumbani kwangu.

Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Nilipopata safari ya Dar baada ya hapo nilikwenda Sinza, kwa kuwa kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy, na sijui mwanamuziki wetu gani mwingine amepewa heshima ya kutajwa kutwa nzima na makonda. Nilikuwa nimevaa shati la maana. Nikamwambia konda kwa sauti nzito anishushe Kwa Remmy, nikategemea basi litanyamaza kidogo. Akagonga bati: “Kwa Remmy wapo! Mzee chapa mwendo!” Pale chini nikamuuliza kijana wa bodaboda kama anamjua Remmy mwenyewe. Akafikiri kwa bidii. “Nadhani alikuwa mjumbe wa nyumba kumi.” Nilimpigia “Kifo” kwenye simu hadi mwisho, na akanitoza muda wa kusubiri.

Ndiyo, “Kifo” ndio mlio wa simu yangu. Mke wangu amepinga kwa miaka, ananiambia siku moja utalia mahali pabaya. Ulilia makaburini. Tulikuwa tunamzika mzee mmoja wa mwaloni, fundi mwenzangu, jeneza limeshashushwa, katekista ameinama, mara mfuko wangu wa suruali ukaanza kuimba. Mikono yangu ilikuwa na udongo na simu iliingia ndani kabisa. Wakati naitafuta, Remmy alishafika mbali, anakilaumu kifo mbele ya kaburi kwa ufasaha kuliko sisi sote. Sikuona mtu aliyekasirika. Niliona viatu. Viatu vya wazee, mstari mzima, vikigonga udongo taratibu.

Nilipofanikiwa kuizima, mzee aliyekuwa kando yangu akaniinamia sikioni.

“Uache uendelee. Hiyo Sikinde marehemu aliipenda sana.”

Sasa, mtu anaweza kunitukana, anaweza kunidai, lakini hilo hapana.

“Mzee, shikamoo, hiyo siyo Sikinde. Hiyo ni Matimila.”

“Marahaba. Ni Sikinde. Hiyo sauti ni ya Bitchuka.”

“Bitchuka ana sauti nyembamba, mzee! Hii inakwaruza!”

“Alikuwa na mafua siku hiyo.”

Mwingine ng'ambo ya kaburi akasema wote hatujui, hiyo ni Msondo, anayeimba ni Gurumo. Wa nne akadai marehemu hakuwa mtu wa Sikinde, wala Msondo, wala Matimila, alikuwa Vijana Jazz tangu enzi za Maneti, na yeye alikwenda naye dansini kwa hiyo asifundishwe. Katekista akakohoa. Mjane akainua uso, akauliza kama tunaweza kumaliza.

“Wazee,” kijana mmoja akasema, “mchanga.”

Tukashika makoleo. Lakini yule mzee, kila alipotupa mchanga wake, aliniangalia akatamka kwa midomo mitupu, bila sauti: Bitchuka.