Sifa za Ruta Isiyofika Jikoni

Watani wetu husema Mhaya akikosa wa kumsifu hujisifu mwenyewe, na akimpata wa kumsifu bado huanza na nafsi yake. Leo nitawaumbua. Nina sifa za kutoa na hata moja hainihusu. Wapiga nanga wa kwetu, ile ala ya nyuzi, walimwimba shujaa Rukiza, wakamwimba Kachwenyanja, wakalipwa rubisi na makofi. Hakuna aliyeinua nanga kwa ajili ya ruta ya sebuleni, ile ya bei ya chini yenye antena mbili, ambayo waifai yake inafia koridoni na jikoni haijawahi kufika. Kazi hiyo naichukua mimi.

Tazameni kwanza kiti ilichopewa. Kuanzia Kashai na Rwamishenye pale Bukoba hadi Kamachumu na Nshamba kule Muleba, ruta haiwekwi ovyo. Imo ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya kioo, kati ya albamu ya harusi na maua ya plastiki, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichopigwa pasi. Antena moja imesimama. Nyingine imelazwa, kwa sababu ikisimama mlango wa kabati haufungi. Taa zake za kijani zinapepesa kwenye matundu ya kitambaa, na mgeni huziona kabla hajaiona picha ya Kardinali Rugambwa ukutani. Na kifaa chenyewe, kwa taarifa yenu, kwa kawaida hurusha mawimbi yenye nguvu ya takriban sehemu ya kumi ya wati moja. Balbu ya wati 9 iliyo juu yake inaishinda mara tisini, lakini nani amewahi kuifumia balbu kitambaa?

Sifa yake kubwa ni kuwakutanisha watu. Desemba ikiingia, wana wa Kagera hurudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza wakiwa na simu kali kuliko mashamba waliyoyaacha. Kijana anashuka kwenye gari, anasalimia juujuu, anauliza neno la siri la waifai kabla hajauliza habari za ng'ombe. Anapewa. Anaanza kuondoka na simu yake mkononi kuelekea chumba cha nyuma, na hapo ruta inaanza kazi yake njema. Kwenye mlango wa koridoni mistari mitatu imebaki miwili. Mbele ya choo umebaki mmoja. Chumbani video inazunguka, inazunguka, inasimama. Jikoni hakuna kitu kabisa, moshi tu na harufu ya ndizi. Anarudi sebuleni akiwa ameinua mkono kama anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni. Bibi yupo pale pale kwenye mkeka na beseni la senene mbele yake. "Umerudi? Haya, kaa hapo unyonyoe mabawa." Kijana anakaa. Kwa mkono mmoja ananyonyoa, kwa mwingine anatazama simu, na kufikia jioni amekwisha kusimuliwa ukoo mzima, mpaka wa kibanja na nani asiaminiwe.

Ruta kali ya antena nane ingeyaharibu yote hayo. Wazee walijenga msonge: nyumba ya duara, mlango mmoja, moto humo humo, kila aliyemo anasikia kila kinachosemwa. Sisi tukajenga nyumba za tofali zenye vyumba sita na milango ya kitasa, halafu tukashangaa familia imekwenda wapi. Ruta dhaifu imeturudishia msonge bila kubomoa hata tofali moja.

Tena ina adabu ya ujirani. Pale Kashai au Hamugembe, ambako dirisha lako linatazamana na la jirani, ruta yenye mbio nyingi huingia nyumba za watu bila kubisha hodi. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizopandana, yaani 1, 6 na 11. Nyumba kumi zikiwasha ruta kali pamoja, zote zinapigania chaneli hizo hizo, na kila moja inangoja nyingine zinyamaze ndipo nayo iseme. Ndiyo maana usiku, watu wakisharudi kazini, kasi inashuka hata kama mawimbi yanaonekana yamejaa. Ruta yetu nyonge haiuchochei ugomvi huo. Inasema yake ndani ya sebule, inanyamaza. Na wale vijana wanaokaa chini ya dirisha lako hadi saa tano usiku, wakijua neno la siri kuliko unavyolijua wewe, wameshahamia kwa mwenye antena nane.

Nani amefundisha fizikia Muleba kuliko ruta hii? Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukariri kwamba ukienda mbali mara mbili nguvu inayokufikia ni robo, akapata alama zake, akasahau. Akiwa na ruta dhaifu hasahau, maana robo hiyo anaiishi kila akienda kuangalia matokeo ya mpira. Anajifunza pia kwamba ukuta wa tofali hula mawimbi, ukuta wa zege hula zaidi, na bati huyarudisha yalikotoka. Wahaya tuna historia na chuma: mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya tanuri za mababu zetu, zilizokuwa zikitoa chuma cha pua zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Leo chuma kinalipiza kisasi. Umezungushia jiko la nje mabati mapya yanayong'aa, nawe unauliza kwa nini waifai haiingii.

Halafu kuna maji. Mawimbi ya waifai hayapendi maji, na Bukoba ni maji matupu: mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, ziwa mbele, simtanki ubavuni mwa nyumba, na kibanja kizima cha migomba kati ya nyumba kubwa na ile ya vijana. Shina la mgomba sehemu yake kubwa ni maji. Panga mashina hayo thelathini mfululizo na majani yaliyolowa, halafu jaribu kupitisha mawimbi yenye urefu wa sentimita 12 na nusu, ambayo ndiyo ya gigahezi 2.4. Yale ya gigahezi 5, yenye urefu wa sentimita 6, yana kasi zaidi lakini hukata tamaa mapema zaidi. Ukuta mmoja yanavumilia, wa pili yanaanza kuaga. Hata hivyo mvua yenyewe ikishapiga juu ya bati huwezi kumsikia unayeongea naye, kwa hiyo ruta imekupunguzia tu kazi ya kupiga kelele.

Wapo wasioridhika. Huenda madukani Bukoba mjini wakauliza ruta inayofika mbali, na muuzaji, ambaye si mtu mbaya, ana watoto wa kusomesha, anawaonyesha boksi lenye picha ya kitu kinachofanana na buibui aliyelala chali. Juu ya boksi imeandikwa 1200. Mnunuzi anaamini amepata megabiti 1200 kwa sekunde. Namba hiyo imepatikana kwa kujumlisha 300 za gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, kisha kuikuza kidogo ipendeze, na katika ruta ya aina hiyo simu yako haipiti njia zote mbili kwa pamoja. Zaidi ya hayo, ruta haizai intaneti. Inagawa tu kile kilichoingia nyumbani. Kama laini yako inaleta megabiti 10, ukanunua ruta ya 1200, umepata megabiti 10 zenye antena nyingi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya Muleba ruta zinatumia laini ya simu, kinachoamua kasi ni mnara ulioko kilimani, watu wangapi wameuparamia saa hiyo, na kama ruta imewekwa upande wa dirisha linaloutazama mnara au imefungiwa kabatini na albamu ya harusi.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi, nami nalisema kwa kuwa linaipendelea ruta dhaifu. Mawasiliano ni ya pande mbili. Padri ana kipaza sauti, kanisa zima linamsikia hadi nje chini ya mti. Lakini muumini wa kule chini ya mti akiuliza swali kwa sauti yake ya kawaida, padri hasikii kitu. Simu yako ndiye muumini huyo. Antena yake ni ndogo, betri yake inaibania nguvu, na hata ungeweka sebuleni ruta inayovuma hadi kisiwa cha Bumbire, simu ikishindwa kujibu hakuna kinachofunguka. Utaona mistari imejaa na ukurasa haufunguki, utatukana mtandao, na mtandao hauna kosa.

Turudi kwenye sifa, maana radi nayo isisahauliwe. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani. Wazee walimwachia Mugasha, bwana wa ziwa, mambo hayo. Mugasha akikasirika hupita kwenye nyaya, na ruta iliyochomekwa ni ya kwanza kuungua. Aliyenunua ya bei kubwa analia wiki nzima. Wa ruta dhaifu anakung'uta kitambaa cha kufuma, anaangalia kama hakijashika moto, anakwenda kununua nyingine. Umeme nao, ambao kwa miaka mingi Kagera tuliuvuta kutoka Masaka, Uganda, umeizoesha ruta kulala na kuamka. Kila ukikatika na kurudi, inachukua dakika zake mbili kujikusanya, taa moja moja, bila haraka. Katika dakika hizo mbili watu wazima watatu hutazamana usoni na kukumbuka kwamba hawajala.

Haki ya mshairi ni kuchomeka kisa cha mbali. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha ALOHAnet, mtandao wa Norman Abramson na wenzake, uliotuma data kwa redio kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Watu wa Muleba, wenye visiwa vya Bumbire, Goziba na Kerebe, wangelielewa jambo hilo mara moja. Data zilivuka bahari kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na leo haziwezi kuvuka ukuta wa stoo. Mwenye kudhani hayo ni maendeleo ya kurudi nyuma hajapata kuketi na bibi na beseni la senene.

Sasa niwataje maadui wa ruta dhaifu, mwajue na mjihadhari nao. Adui wa kwanza ni yule anayeitoa kabatini. Anaiweka katikati ya nyumba, juu ya ukuta usawa wa kichwa, mbali na jokofu na televisheni, na papo hapo vyumba viwili vinafufuka bila shilingi kutumika. Mwingine husimamisha ile antena iliyolala, kwa kuwa amegundua mawimbi hutoka ubavuni mwa antena na si kwenye ncha yake. Iliyolazwa ilikuwa ikigawa fungu lake kwa mijusi wa darini. Yupo anayeiachia televisheni iliyo karibu gigahezi 5 na kuzipa simu za vyumbani gigahezi 2.4. Yupo anayebadili chaneli. Mwenye kununua kile kifaa cha kurudia mawimbi, ambacho wauzaji hukiita ekstenda, msimwogope sana. Cha bei nafuu hupokea na kutuma kwa masafa yale yale, kwa hiyo mawimbi hufika mbali na kasi inapungua karibu nusu, na mambo yanabaki karibu kama yalivyokuwa. Hatari kuliko wote ni mwenye waya. Huyu anajua waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100 bila kuchoka, hauogopi tofali, bati wala mgomba, na mwisho wake anafunga ruta nyingine ya bei ile ile ya chini. Akishafanya hivyo msonge umevunjika.

Ameshapatikana mmoja kule Kamachumu. Tata, yaani baba wa nyumba hiyo, ni mlinzi mkuu wa kabati. Hakuna anayegusa kitambaa mbele yake. Likizo iliyopita kijana wake wa pili alipanda darini wakati mzee yuko kanisani, akapitisha waya wa mita 30, akauchomeka nyuma ya kabati na kukirudisha kitambaa kilivyokuwa. Chumba cha nyuma sasa kina kasi kuliko sebule. Mzee hana habari za waya. Anachoona ni kwamba jioni hakuna tena kijana anayekuja kukaa naye, na amefikia uamuzi kwamba ruta imechoka. Jumamosi anakwenda Bukoba kununua ya antena nane.