Korija ya Mama Mkwe

Simu ya mama mkwe kutoka Ruangwa haikuwa ndefu. Mwali anatoka Jumamosi, wageni wanakuja, aletewe korija ya sahani za bati. Mume wangu akaitikia, "Sawa mama," wala hakuuliza. Kwa hesabu yake, korija lilikuwa jina la kizee la dazeni. Ijumaa akaingia duka la jumla pale Nachingwea, akafunga sahani kwenye keria ya pikipiki, tukaondoka.

Mama alizihesabu mbele ya makungwi, polepole, kwa sauti. Zikaishia kumi na mbili.

"Baba Zuhura, nane umemwachia nani njiani?"

Mume wangu akaapa kwamba dazeni imetimia. Mama akamjibu kuwa hakuagiza dazeni. Korija ni ishirini; ndivyo wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walivyofunga nguo tangu zamani, na Wareno nao walihesabu hivyo hivyo. Mama yake mwenyewe aliuza khanga, asingemfundisha uongo.

Shemeji yangu, mwalimu asiyejua kunyamaza, akaona ndipo pa kusomesha. Dazeni, alisema, Waingereza waliichukua kwa Wafaransa, nao Wafaransa walikuwa na jina lao la kumi na mbili lililotoka katika Kilatini duodecim, yaani mbili na kumi. Ni kama thenashara ya wazee wetu, ambayo kwa Kiarabu nayo ni mbili na kumi. Wachuuzi waliipenda kwa sababu inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila kuvunja kitu. Ishirini haikubali tatu wala sita. Hata hivyo, Waingereza nao walikuwa na korija yao, score, iliyotokana na chale za kuhesabia zilizokatwa kwenye kijiti.

Angeishia hapo tungesalimika. Akaongeza kwamba sheria ya mikate ya Uingereza ya mwaka 1266 iliwaadhibu waokaji waliopunja uzito, na ndiyo maana, kama inavyosimuliwa, wakazoea kutoa mikate kumi na mitatu kwa kila dazeni.

Mama akageuka. "Kumbe hao wana adabu! Yangu ya kumi na tatu iko wapi?"

Pikipiki ikarudi Nachingwea jioni ile ile. Mwenye duka akasema havunji dazeni: ama achukue nzima, ama basi. Baba Zuhura akachukua nzima. Usiku tukawa na sahani ishirini na nne, na kesho yake shughuli ikaenda vizuri, wali ukatosha, hakuna aliyelia isipokuwa mwali.

Asubuhi iliyofuata nilizifuata zile nne zilizozidi. Jikoni kwangu zilikuwa na kazi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuzifungia kabatini.

"Hizo ni nyongeza, mkwe wangu," akasema. "Muulize mwalimu."